Kabla ya Kuhukumu, Elewa: Jinsi Kingamwili Inavyonaswa na Kuachiliwa Katika Usafishaji wa Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la toleo hili halikutoka darasani. Lilianza kwa simu ya mama yangu mdogo kutoka Nyamirambo, Kigali, usiku mmoja baada ya Isha. Mama mdogo ana saratani ya titi, na daktari alikuwa amemwandikia dawa iitwayo trastuzumabu, inayotolewa kwa dripu kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima. Dozi ya kwanza alikuwa ameshaipata. Ya pili ilikuwa kesho yake asubuhi. Jioni hiyo binamu yangu alisoma karatasi ya maelezo ya dawa na kumtafsiria, na hapo usingizi ukamruka.

"Mwanangu, wewe si ndiye msomi wetu wa dini?" aliniuliza. "Hii dawa inasemekana imetoka kwenye ovari za panya wa China. Sasa mimi ninaswali na kitu hicho mwilini?"

Nilikuwa nimemaliza mlango wa tohara na najisi muhula uleule, na nilijiona ninajua. Nikamjibu haraka: "Mama mdogo, subiri kwanza. Usiende kesho mpaka niulize." Naye, kwa kuniamini, hakwenda.

Asubuhi nilimfuata mwalimu wetu wa fiqhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mambo matatu: Dawa hiyo ni kitu gani hasa? Inatengenezwa vipi? Na mwishoni ndani ya chupa hubaki nini? Sikuwa na jibu hata moja. Akanikumbusha kanuni ambayo sote tumeihifadhi katika usuli, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. "Umelihukumu tawi kabla hujaliona shina," akaniambia. "Nenda kwa wanaojua, kisha urudi."

Nikaenda kwa dada mmoja wa jumuiya yetu anayesomea biokemia. Tulikaa maktaba jioni nne mfululizo. Haya yanayofuata ndiyo niliyojifunza, na ninayaandika kwa ajili ya wenzangu wa masomo ya dini ambao, kama mimi, siku moja wataulizwa na mama zao.

Kingamwili ni nini?

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua adui. Umbo lake ni kama herufi Y. Mikono miwili ya juu ndiyo inayotambua: ncha zake zimeumbwa kushika kitu kimoja maalumu na kuacha vingine. Shina la chini halibadilikabadiliki hivyo. Kazi yake ni kuziita seli za ulinzi zije kumaliza kazi. Kumbuka tofauti hii ya mikono na shina, kwa sababu somo letu lote limesimama juu yake.

Trastuzumabu ni kingamwili iliyotengenezwa nje ya mwili. Mikono yake hushika protini iitwayo HER2, ambayo katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti huwa imejaa kupita kiasi juu ya seli za uvimbe na kuzihimiza zikue. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu.

Molekuli yenye ukubwa na umbo tata kiasi hiki haiwezi kupikwa kwa kuchanganya kemikali kwenye chupa. Inahitaji seli hai iifume. Hapo ndipo panya wa mama mdogo anapoingia.

Panya aliyeanza yote

Mnyama mwenyewe ni hamsta wa China, jamaa mdogo wa panya. Mwaka 1957 mwanasayansi Theodore Puck, huko Colorado, Marekani, alichukua seli kutoka ovari ya hamsta mmoja na kuzikuza katika chombo. Seli zile zilikubali kuishi nje ya mwili na kugawanyika bila kukoma. Vizazi vyake ndivyo vinavyotumika viwandani hadi leo. Kwa hiyo hakuna hamsta anayechinjwa wala kupasuliwa kila dawa inapotengenezwa. Seli huongezwa maelekezo ya kijeni ya kutengeneza kingamwili, huwekwa katika matangi makubwa yenye maji, sukari, chumvi na viini-lishe vingine, nazo huitoa kingamwili humo humo majini.

Hili lilinifungua macho, lakini halikumaliza swali. Maji yanayotoka kwenye tangi si dawa. Ni mchuzi mzito: ndani yake kuna kingamwili, lakini pia kuna protini za seli zenyewe, vipande vya DNA yake, mabaki ya chakula, na huenda virusi. Swali la mwalimu, "hubaki nini?", ni swali kuhusu jinsi kimoja kinavyotengwa na vingine. Njia yenyewe inaitwa kromatografia.

Kromatografia kwa ufupi

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, alimimina maji ya majani kwenye mrija uliojazwa unga wa chokaa. Rangi za majani ziligawanyika zikawa mikanda, kila moja ikishuka kwa mwendo wake. Sababu ni kwamba kila rangi ilishikamana na unga ule kwa nguvu tofauti. Inayoshika sana hubaki nyuma, na isiyoshika hutangulia. Jina kromatografia, lenye maana ya kuandika kwa rangi, lilitokana na mikanda hiyo.

Kanuni ni ileile mpaka leo: kitu tulivu kimejazwa ndani ya mrija, ambao wataalamu huuita kolamu, na kimiminika kinapita juu yake. Kinachotenganisha ni mshiko. Mwaka 1968 watafiti Cuatrecasas, Wilchek na Anfinsen walionyesha njia ya kuufanya mshiko huo uwe wa kuchagua: unafunga ndani ya kolamu kitu kinachoitambua protini unayoitaka peke yake, nacho kinainasa huku mengine yote yakipita.

Kwa upande wa kingamwili, kitu hicho kinaitwa Protini A.

Silaha ya adui

Protini A asili yake ni ukuta wa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, yule anayetupa majipu. Bakteria huyu ana hila. Kingamwili inapomkaribia ili imshike kwa mikono, yeye huitangulia kwa kuikamata shina. Kingamwili inabaki imegeuzwa juu chini: mikono inaning'inia nje, na shina, ambalo lilipaswa kuita seli za ulinzi, limezibwa.

Mwaka 1966 Forsgren na Sjöquist huko Sweden waliandika kwamba Protini A hujifunga na kingamwili za binadamu kwa njia hii isiyo ya kawaida. Mwaka 1972 protini hiyo ikatumika, ikiwa imefungwa kwenye shanga ndogo, kuvutia kingamwili kutoka katika mchanganyiko. Tangu hapo, kile kilichokuwa kinga ya bakteria dhidi yetu kimekuwa chombo cha kutusafishia dawa. Na siku hizi Protini A ya viwandani kwa kawaida haivunwi kutoka kwa bakteria wa majipu. Hutengenezwa kwa uhandisi wa kijeni ndani ya bakteria mwingine asiyedhuru.

Faida ya kushikwa shina ni kubwa. Mikono hutofautiana kati ya kingamwili na kingamwili, lakini shina ni karibu lilelile. Kwa hiyo kolamu moja ya Protini A inaweza kusafisha kingamwili ya saratani, ya baridi yabisi au ya pumu, bila kujali mikono yake inashika nini.

Mshiko wenyewe ukoje?

Hapa ndipo nilipotumia jioni mbili kati ya zile nne.

Shanga za kolamu mara nyingi ni za agarosi, utomvu unaopatikana katika aina fulani za mwani mwekundu. (Wenzetu wa Zanzibar wasidhani ni mwani wao: ule unaolimwa kule hutoa karajini, ambayo ni jamaa yake.) Kila ushanga una upana wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, sehemu yake kubwa ni maji, na ndani umejaa matundu kama sifongo. Kwenye kuta za matundu hayo ndipo Protini A imefungwa.

Kingamwili ikiingia katika tundu, mambo mawili huifanya ing'ang'anie. La kwanza, sehemu ya katikati ya shina lake ina mabonde yanayokwepa maji, na Protini A ina vilima vinavyokwepa maji vilivyolingana nayo. Vikikutana hujificha pamoja, kama watu wawili wanaosogeleana chini ya mwavuli mmoja. La pili, kuna vifungo vidogo vya umeme na hidrojeni vinavyokaza pembeni.

Katikati ya eneo hilo kuna asidi amino moja muhimu, histidini, ipo kwenye nafasi ya 435 ya kingamwili, na upande wa pili Protini A nayo ina histidini yake inayoielekea. Katika maji yasiyo na asidi, kwenye pH ya takriban 7, histidini hizi hazina chaji kubwa, nazo hukaa jirani kwa amani. Ukishusha pH mpaka karibu 3.5, zote mbili hubeba chaji chanya. Chaji zinazofanana husukumana, na kingamwili huachilia. Ushahidi wa umuhimu wa nafasi hiyo moja ni huu: kundi la kingamwili za binadamu liitwalo IgG3 kwa kawaida lina arginini badala ya histidini pale kwenye 435, na Protini A haiwezi kulishika. Trastuzumabu ni ya kundi la IgG1, nayo hushikwa vizuri.

Basi kazi ya kolamu huenda kwa hatua nne. Kwanza mchuzi hupitishwa kwenye pH ya kawaida, na kingamwili hunaswa. Pili kolamu huoshwa kwa maji yenye chumvi, ili vilivyoning'inia bila mshiko wa kweli viondoke. Tatu hupitishwa maji yenye asidi, kingamwili huachilia na kukusanywa. Nne kolamu yenyewe hufuliwa kwa soda kaustiki, ileile ya kutengenezea sabuni, tayari kwa mzunguko mwingine. Protini A ya asili huharibiwa na soda hiyo kidogo kidogo. Ndiyo maana wataalamu walibadilisha baadhi ya asidi amino zake ili istahimili, na kolamu za leo zinaweza kutumika zaidi ya mara 100.

Wanajuaje kinachotokea ndani?

Nilimuuliza yule dada: "Nyinyi mnaonaje haya yote, na kolamu imefungwa?" Akacheka, akaniambia wanapima kwa njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni kutia kingamwili katika vichupa vyenye shanga, kwa ukolezi tofauti tofauti, kusubiri mpaka hali itulie, kisha kupima kiasi kilichobaki majini. Ukichora matokeo unapata mstari unaopanda kwa kasi kisha unalala. Hesabu yake inahusishwa na Irving Langmuir, aliyeiandika mwaka 1918 na baadaye, mwaka 1932, kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Fikiria taksi ya Kampala yenye viti 14. Abiria wakiwa wachache, kila anayefika anapata kiti. Viti vikikaribia kujaa, wanaofika wanazidi kubaki nje. Mstari unapolala ndipo unapojua idadi ya viti.

Njia ya pili ni kupitisha mchuzi kwenye kolamu bila kusimama na kutazama kinachotokea mlangoni pa kutokea. Kingamwili hunyonya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 280, hivyo kipimo cha mwanga huonyesha mara inapoanza kuvuja. Na hapa kuna jambo la ajabu: huanza kuvuja kabla viti vyote havijajaa. Kwa nini? Kwa sababu kingamwili ni kubwa na matundu ni membamba. Inahitaji muda kupenya mpaka kitovu cha ushanga, na maji yakienda kasi haupati muda huo. Kwa sababu hii wahandisi hutofautisha uwezo wa kolamu iliyotulia na uwezo wa kolamu inayotiririka, na huacha mchuzi ukae ndani kwa dakika kadhaa.

Njia ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi. Kingamwili hutiwa rangi inayong'aa, kisha ushanga hutazamwa kwa hadubini ya leza inayoweza kuona tabaka za ndani bila kuukata. Unaona pete ya mwanga pembeni mwa ushanga, na kadiri dakika zinavyopita pete inanenepa kuelekea ndani, mpaka kiini chenye giza kinakwisha. Zilizotangulia zimechukua viti vya mlangoni, na zinazofuata zinalazimika kupenya mpaka nyuma, sawa na abiria wetu wa taksi.

Nilipiga hesabu ndogo iliyonisaidia kuelewa ukubwa wa jambo. Dozi ya kawaida ya wiki 3 ni miligramu 6 kwa kila kilo ya mgonjwa. Kwa mtu wa kilo 60, kama mama mdogo, ni miligramu 360. Kama mililita 1 ya shanga inashika miligramu 40 za kingamwili, kiwango ambacho shanga za leo hukifikia bila taabu, dozi nzima hunaswa na mililita 9. Hivyo ni chini ya vijiko viwili vya chai.

Baada ya Protini A

Kolamu hii hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini haimalizi. Kingamwili inapotoka iko kwenye asidi, na wataalamu huiacha humo kwa muda, mara nyingi kama saa 1, kwa sababu asidi hiyo huharibu virusi vyenye utando wa mafuta. Haiachwi muda mrefu kupita kiasi, kwani kingamwili zenyewe zingeanza kugandamana.

Kisha hufuata kolamu nyingine zinazofanya kazi kwa chaji za umeme. Katika moja, shanga zina chaji hasi na kingamwili yenye chaji chanya hushikwa, kisha huachiliwa taratibu kwa kuongeza chumvi. Katika nyingine, shanga zina chaji chanya: DNA na virusi vingi, vyenye chaji hasi, hunaswa, nayo kingamwili hupita moja kwa moja. Yaani mara ya kwanza tunakamata tunachokitaka, mara hii tunakamata tusichokitaka. Mwisho kuna kichujio chenye matundu madogo kiasi cha kuzuia virusi na kuruhusu kingamwili.

Je, basi dawa inakuwa safi asilimia 100? Nilitamani kusikia ndiyo, ili nimpigie mama mdogo usiku uleule. Jibu la yule dada lilikuwa la ukweli: hapana. Mara chache kipande cha Protini A hung'oka kutoka kwenye shanga na kuondoka pamoja na kingamwili. Protini za seli za hamsta nazo hupenya kidogo. Kilichopo ni vipimo na mipaka. Kwa protini za seli, viwanda kwa kawaida hulenga chini ya nanogramu 100 kwa kila miligramu ya kingamwili, yaani sehemu moja katika elfu kumi. Kwa DNA, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa nanogramu 10 kwa dozi. Protini A iliyong'oka nayo hupimwa, na kolamu zinazofuata huipunguza zaidi. Hatua hizi zote hupimwa ili mgonjwa asipate madhara. Hakuna aliyekuwa akifikiria suala la najisi alipoziweka.

Nilichorudi nacho kwa mwalimu

Nilirudi kwa mwalimu na kurasa saba za maelezo. Alizisoma zote, kisha akasema, "Sasa tunaweza kuzungumza."

Mimi bado ni mwanafunzi na sitoi fatwa. Ninaeleza tu jinsi maswali yalivyobadilika baada ya kuelewa. Mwanzo nilikuwa na swali moja la kutisha: "Je, dawa ya panya ni najisi?" Sasa yakawa manne, na kila moja lina mlango wake katika vitabu vyetu.

La kwanza ni asili. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumelelewa nayo, mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Hamsta hayumo katika hao. Lakini kilichokatwa kwa mnyama hai huchukua hukumu ya mzoga wake, na wanazuoni wana haki ya kuuliza hukumu ya seli zilizochukuliwa mwaka 1957 ziko wapi baada ya vizazi visivyohesabika vya kukua kwa maji na sukari.

La pili ni istihala, kubadilika kwa kitu kuwa kitu kingine, kama ngozi inavyotajwa katika dibaghi na mvinyo unaogeuka siki. Mwaka 1995, katika semina ya Kuwait iliyoandaliwa na Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, wanazuoni na madaktari walilijadili jambo hili kwa upande wa dawa na chakula, na wakakubali kwamba mabadiliko ya dhati yanaweza kukitoharisha kitu.

La tatu ni kilichobaki. Tumesoma kwamba najisi yenye dhati huondolewa mpaka iondoke ladha, rangi na harufu, na kwamba rangi au harufu iliyong'ang'ania baada ya juhudi husamehewa. Tumesoma pia mambo madogo ambayo ni vigumu kujikinga nayo. Nilipofikiria sehemu moja katika elfu kumi, niliona kwa nini mafaqihi wa zamani, bila hadubini, waliweka mlango wa msamaha. Hata hivyo mwalimu alinionya nisichanganye mizani mbili. Mipaka ya kiwanda inalinda mwili, na mipaka ya fiqhi inalinda ibada. Ya kwanza humpa mwanazuoni taarifa, nayo haiwezi kuchukua nafasi ya hukumu yake.

La nne ni dharura na tiba. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na wanazuoni wamezungumzia kwa kirefu hali ya mgonjwa ambaye dawa yake haina mbadala. Hili, mwalimu alisema, ndilo ningelipaswa kulikumbuka kwanza mama mdogo aliponipigia, kabla ya kufika kwenye panya.

Mwalimu aliandika maelezo yake pamoja na kurasa zangu, tukayatuma kwa shekhe wa mama mdogo kule Nyamirambo, kwa sababu yeye ndiye anayemfahamu na ndiye aliyestahili kumjibu. Alimwambia aendelee na tiba yake na aswali kwa utulivu.

Alirudi hospitali akiwa amechelewa siku 6. Muuguzi alimweleza jambo ambalo sikulijua: angepitisha wiki 1, ingebidi aanze upya na dozi kubwa ya mwanzo, miligramu 8 kwa kila kilo, na gharama yake. Siku mbili zaidi za "subiri kwanza" yangu zingefikisha hapo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwenye simu, "Kwa hiyo wewe umeishia kusomea shanga?" Nikamwambia ndiyo, Mama mdogo, na nisamehe. Nilimweleza jinsi kingamwili inavyoshikwa shina, ikaoshwa, ikaachiliwa. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi hata dawa yangu imetawadha." Nilicheka, lakini sikumpinga, wala sikusema kwamba ndiyo hukumu.

Ndugu zangu wa masomo ya dini, wenzetu wa maabara wako jengo la pili tu kutoka hapa tulipo. Na nyinyi wa sayansi, msingoje tuje kuwauliza baada ya kukosea. Atakayeulizwa kesho kuhusu chanjo, insulini au dawa ya damu, na aanze kwa maswali matatu ya mwalimu wangu: ni kitu gani, kinatengenezwaje, na mwishoni hubaki nini.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Kwa nini Protini A inaweza kunasa kingamwili za magonjwa tofauti, na kwa nini haiwezi kunasa IgG3?

2. Kolamu huanza kuvuja kingamwili kabla haijajaa. Eleza sababu, na utoe mfano wako mwenyewe badala ya ule wa taksi.

3. Katika hatua zilizotajwa, ipi inakamata tunachokitaka na ipi inakamata tusichokitaka?

4. Mgonjwa amekuuliza usiku kuhusu dawa ya kesho asubuhi, nawe hujui. Utamjibu nini ambacho hakitamfanya akose dozi yake?

Tumuombe Allah (S.W.T.) amponye mama mdogo na wagonjwa wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.